Hodi Kizimkazi: Adabu za Mgeni Katika Msikiti wa Kale



Sisi tunaokaa Al Khuwair tuna jirani mkubwa. Mwendo wa dakika chache kwa gari upo Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, na asubuhi zisizokuwa za Ijumaa huonekana mabasi yakishusha wageni wa kila taifa. Wanawake wamejifunga mitandio, mikono na miguu imefunikwa; wanaume wamevaa suruali ndefu. Viatu huachwa nje ya ukumbi. Ndani umetandikwa mkeka mrefu wa kupitia ili miguu ya watazamaji isilikanyage zulia lenyewe, ambalo lina uzito wa tani 21 na lilifumwa na mafundi wa Iran kwa muda wa miaka minne.

Hayo tumeyazoea. Wengi wetu tumewahi kumpeleka pale rafiki wa kazini au jirani asiyekuwa Mwislamu, tukamweleza kwa ufasaha: vua viatu, punguza sauti, usipite mbele ya mwenye kusali, usimpige picha mtu bila ya ruhusa yake. Katika kuwafundisha wageni adabu, ndimi zetu ni nyepesi sana. Makala haya yanahusu siku ambayo mgeni nilikuwa mimi, na adabu zote hizo zikanipotea.

Msikiti wenyewe

Kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huku, naeleza kidogo. Kizimkazi ni mji wa pwani ya kusini ya Unguja, nao una sehemu mbili, Dimbani na Mkunguni. Msikiti wa kale uko Dimbani, karibu na ufuko ambao siku hizi watalii huondokea kwa mashua kwenda kutazama pomboo. Ukiuona kwa nje huwezi kuudhania kitu: kuta za kawaida, paa la bati, na makaburi ya zamani pembeni. Ajabu yake imo ndani, upande wa kibla. Mihrabu yake ni ya mawe ya matumbawe yaliyochongwa, na hapo yapo maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kikufi iliyopambwa, yenye tarehe ya mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 Miladi. Jengo lenyewe limejengwa upya baadaye, na sehemu kubwa ya kuta tunazoziona leo ni za karne ya 18. Lakini maandishi yale ni miongoni mwa yale ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yetu yote, na msikiti bado unasaliwa.

Tufanye hesabu kidogo. Vasco da Gama alipopita pwani yetu mwaka 1498, maandishi yale yalikuwa na umri wa karibu miaka 400. Bwana Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, yalikuwa yamepita miaka 700. Kwa maneno mengine, watu wa Kizimkazi walikuwa wakisujudu pale kabla wengi katika babu zetu hawajavuka bahari. Jambo hilo nililijua vyema, kwani nimelisomesha. Siku yenyewe nililisahau.

Siku yenyewe

Ilikuwa mwaka 2018, likizo ya skuli. Tulikuwa watu 11 katika gari mbili, mimi na mama watoto, wanangu wawili na wake zao, na wajukuu watano. Tulitoka mjini asubuhi, tukasimama Jozani kwa kuwa watoto walitaka kuwaona kima punju, na tukafika Dimbani baina ya Adhuhuri na Alasiri. Mlango wa msikiti ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa ufunguo. Nilikuwa na hamu kubwa, na leo nakiri kuwa nilikuwa na kiburi kidogo pia. Nikawaambia wajukuu, "Haya ingieni, huu msikiti wetu."

Viatu tulivua. Zaidi ya hapo sikufanya jambo moja lililo sawa.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka kibla kama mtu aendaye ubaoni. Nikaanza kusomesha kwa sauti ya darasani, sauti niliyoitumia miaka 30 kuwanyamazisha watoto 40 kwa mara moja. Nikapitisha kidole juu ya herufi za jiwe ili waone alifu iko wapi na lamu iko wapi. Mjukuu wangu mkubwa, wakati huo ana miaka 14, akaipa mgongo mihrabu, akanyoosha simu, akajipiga picha. Mdogo wake akafuata. Sikuwakataza. Nilikuwa natafuta pa kusimama ili na mimi nitokee.

Katika pembe ya nyuma alikuwapo mzee mmoja, amekaa juu ya mkeka, tasbihi mkononi. Nilimwona tangu tulipoingia, nikampungia mkono tu kama anavyopungiwa bawabu. Alipomaliza uradi wake akainuka polepole, akaja tulipo, na akatutolea salamu yeye, sisi tulioingia tukiwa hatukumtolea. Akanipa mkono, akaniuliza khabari za safari na khabari za nyumbani. Kisha akauliza neno moja tu:

"Mmeshasali?"

Hakuuliza kwa ukali hata kidogo. Lakini mimi nilihisi jasho. Robo saa nzima nimo ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu, na zile rakaa mbili za maamkizi ya msikiti, ambazo nilizisoma chuoni nikiwa mtoto na nimewasomesha wengine umri wangu wote, hazikunipitia hata akilini. Nilikwenda kuliamkia jiwe kabla ya Mwenye nyumba. Nikasema, "Bado, mzee wangu." Akasema, "Salini kwanza. Hilo jiwe halina pa kwenda."

Tukatoka tukatia udhu, tukarudi tukasali. Ndipo mwenyewe akatuchukua mpaka kwenye mihrabu akatuonyesha, mikono yake ameifunga nyuma. Akaniambia kwa sauti ya chini, watoto wasisikie, "Shekhe, kila mgeni akipapasa mara moja tu, wajukuu zako hawa siku wakija na wajukuu wao watakuta jiwe tupu." Kisha akawageukia watoto: "Nyinyi watu wa wapi?" Yule mdogo akajibu, "Oman." Na mimi, wakati huo huo, nikajibu, "Mkunazini." Mzee akacheka. "Basi nyinyi wageni wa nyumbani," akasema. "Na mgeni wa nyumbani ndiye anayesahau kupiga hodi."

Neno hilo nimerudi nalo Al Khuwair, na linanikaa mpaka leo.

Tulipotoka baada ya Alasiri nikamkuta mama watoto na wakwe zetu wamekaa barazani kwa nyumba ya jirani, wanakunywa madafu. Yeye hakuusogelea mlango wa msikiti. Alikwenda nyumba ya karibu, akapiga hodi, akamuuliza mwenye nyumba kama wanawake huingia, na saa gani inafaa. Akaambiwa wasubiri wanaume watoke. Walipotoka, mwenyeji wake akawachukua akawaingiza mwenyewe. Katika muda ule alikwisha kujua ufunguo wa msikiti unakaa kwa nani, watu wanatilia wapi udhu maji yakikatika, na msikiti una upungufu wa nini. Mimi niliyesoma vitabu sikujua hata moja katika hayo.

Adabu kwa mpango

Tangu siku ile, kila jamaa anapofunga safari ya Unguja huja kwangu akaniuliza nini cha kuwaambia watoto. Nimeona niyaandike hapa yapate kuwekwa.

Kwanza ni niya na mavazi. Mwenye kwenda msikiti wa kale ajue anakwenda msikitini, si makumbusho. Ukale hauuondolei msikiti hukumu yake. Ikiwa mtu hana tohara ya kumruhusu kuingia msikitini nyumbani, basi na kule asiingie, atazame kwa nje au asubiri siku nyengine. Mwanamume avae kanzu, dishdasha au suruali ndefu. Mwanamke ajisitiri kama anavyojisitiri kwa sala. Watoto wetu wakiwa Unguja hushinda ufukweni, na nguo za ufukweni huwaganda mwilini. Tieni kanga mbili na kanzu ya mtoto ndani ya gari, haina uzito.

Pili ni hodi. Muulize mtu. Misikiti mingi ya shamba ina mtu wa kuiangalia, na kama huyupo, nyumba ya jirani inamjua. Mlango ulio wazi unamruhusu mwenye kuja kusali. Mwenye kuja kutazama hutaka idhini. Na msikiti mwengine una mahala pa wanawake na mwengine hauna, kwa hivyo kina mama waulize kabla, wasifikirie tu kuwa kama inavyokuwa Muscat ndivyo inavyokuwa kila pahala.

Tatu ni kuingia. Viatu vivuliwe kabla ya kizingiti na vipangwe pembeni, visiwe vya kukwaza watu. Mguu wa kulia utangulie, na dua yake. Muingiaji ndiye mwenye kutoa salamu, lakini kwa sauti ambayo haimkati mwenye kusali. Kisha rakaa mbili. Mwenye kuingia saa ambayo madhehebu yake hayamruhusu kusali sunna, na akae kwa utulivu amtaje Mwenyezi Mungu kidogo kabla ya kutazama kuta.

Nne ni mikono. Matumbawe na chokaa si chuma. Mafuta na jasho la vidole hula mchoro polepole, na nta na tanga la simu kuegemezwa ukutani hukwaruza. Mwonyesheni mtoto kwa macho, na nyinyi wakubwa fungeni mikono nyuma kama yule mzee. Hayo hayo tuyafuate hapa Oman. Nizwa na Manah ipo misikiti ya zamani yenye mihrabu za plasta zilizochongwa tangu karne ya 16, na plasta ni laini kuliko jiwe. Tukipeleka watoto huko siku za Ijumaa na Jumamosi, tusidhani kuwa yaliyodumu miaka 500 hayawezi kuharibika kwa kidole.

Tano ni picha. Uliza kwanza. Ukiruhusiwa, usimpige mwenye kusali, usiipe mgongo kibla kwa kujionyesha, usitumie mwangaza mkali wa simu, na usisimame juu ya kaburi kutafuta pembe nzuri. Nje ya msikiti wa Kizimkazi wamelala watu, na watu wao wapo mji ule ule.

Sita ni sala ya jamaa. Familia zetu ni za Ibadhi na za Shafi, na nyumba nyingi hapa Al Khuwair zina wote wawili chini ya paa moja. Misikiti mingi ya Unguja wenyewe ni Mashafi. Watafunga mikono, wataitikia amin kwa sauti, na alfajiri watasoma kunuti. Kijana wetu wa Kibadhi asali nyuma ya imamu wa mahala kama alivyofundishwa kwao, mikono chini, bila ya kunong'onezana na bila ya kuanza darasa la khitilafu mlangoni. Wazee wetu waliishi pamoja mjini Unguja miaka mingi kwa kuheshimiana namna hiyo. Na mgeni, hata awe na elimu ya namna gani, hatangulii kusalisha mpaka mwenyeji amwambie.

Saba ni sadaka. Kama lipo sanduku, tia humo. Kama hakuna, mpe yule aliyekufungulia na umwambie ni ya msikiti. Usitoe mbele ya watu wala usihesabu noti hadharani, na usiwarushie watoto wa mji fedha kama wanaolisha kuku. Ukitaka kuleta kitu, uliza kinachohitajiwa. Misikiti yetu ya kale imepata majamvi ya plastiki na saa za ukutani za kutosha. Huenda wanachotaka ni mfereji wa maji, au fundi anayejua kutengeneza chokaa. Na asitokee tajiri wetu akataka kubandua plasta ya zamani atie marumaru mpya kwa mapenzi yake. Katika jambo hilo sadaka inaweza kuharibu kuliko mvua. Na aulize kwanza wenyewe na idara ya mambo ya kale.

Msikiti uliobaki kuta

Wako wanaouliza, je, msikiti uliokwisha kuwa gofu? Kilwa Kisiwani upo Msikiti Mkuu, ulioanzishwa katika karne ya 11 na kupanuliwa baadaye. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaueleza mji huo kwa sifa nzuri. Leo msikiti ule una nguzo na makuba, na mahala pengine pamebaki mbingu tu. Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Gede, karibu na Malindi ya Kenya, nako upo msikiti wa Ijumaa uliobaki kuta ndani ya msitu.

Jawabu langu ni kuwa mahala paliposujudiwa miaka mia kadha panastahiki heshima hata kama paa limeanguka. Usipande ukutani, usile wala kutupa maganda ndani, usiandike jina lako, na usichukue hata kigae cha sahani kilichochimbuka mchangani. Sheria ya nchi inakataza, lakini hata isingekataza, kile kigae si chako. Watoto wetu wana mazoea ya kuleta kumbukumbu. Na walete khabari.

Nyumba za wengine

Jambo la mwisho ni zito, lakini nisipolisema nitakuwa sikutimiza. Wageni wengi wa mjini Unguja huenda kutazama kanisa la Waanglikana la Mkunazini, lililoanza kujengwa mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa kwa amri ya Bwana Barghash. Mimi nimekulia hatua chache kutoka pale. Vijana wetu wakienda, na waende; lakini wajue ni nyumba ya ibada ya watu, na pia ni mahala pa machungu ambayo wazee wetu wamo katika khabari yake. Adabu ya pale ni kuvua kofia ukiombwa, kupisha ibada yao ikiwa inaendelea, na kumsikiliza mwenye kutembeza watu mpaka mwisho. Kama unaona amezidisha, huo si wakati wa kubishana. Watu waliokuja kuomboleza hawafai kukuta mabishano. Njoo nyumbani uulize, na sisi wazee tuwe tayari kujibu kwa ukweli.

Wale wanaotaka Mkristo avue viatu na kunyamaza ndani ya msikiti wetu hapa Muscat, hawana budi nao kunyamaza ndani ya kanisa lake. Hodi ni moja.

Mwaka jana mjukuu wangu, yule wa simu, alikwenda Unguja peke yake pamoja na wenzake wa chuo kikuu. Sikumwambia kitu. Siku moja alasiri akanipigia simu kutoka Dimbani. Akaniambia kuwa yule mzee amekwisha kufariki, na ufunguo sasa uko kwa mwanawe. Alimjua kwa kupiga hodi nyumba ile ile aliyokaa bibi yake. Nikamuuliza, "Mihrabu umeiona?" Akanijibu, "Bado, Babu. Ndiyo kwanza nimemaliza kusali."

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee yule, awarehemu wazee wetu waliozikwa huku na waliozikwa kule, na atujaalie kila tunapokwenda tuwe wageni ambao wenyeji hufurahi wakirudi. Amin.